Tepu kwenye Tangi la Mbuzi

Jumatatu, 3 Machi

Mratibu wa maabara kaja asubuhi. Suruali nyeupe! Nani huvaa nyeupe kuja gereji? Kasimama mlangoni kama anaogopa sakafu itamrukia. Kiti kakikataa.

Kaleta kazi. Kuanzia leo mpaka tarehe ishirini na moja nizitunze pikipiki zao mbili, niandike kila ninachofanya, halafu niseme ipi ina matunzo mengi. Itakayoonekana nafuu ndiyo ofisi itabaki nayo na kuagiza nyingine za aina hiyo. Ile nyingine itarudishwa kwa waliotoa. Ripoti iwe ukurasa mmoja tu, maana wakubwa wakigeuza karatasi wanasinzia.

Nimekubali. Pikipiki zenyewe nazijua, zote hubeba sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati za milimani. Moja ni kubwa, ya safari ndefu, silinda mbili, imefunikwa plastiki kuanzia shingo hadi kiuno. Naiita Bibi Harusi. Ukitaka kumwona mwili unamvua nguo moja moja, tena kwa adabu. Dereva wake ni Refu, aliyekuwa anaendesha lori. Ya pili ni ile nyembamba ya vumbi na mawe, tairi za meno, kiti kama ubao wa kukatia vitunguu. Hiyo ni Mbuzi. Anapanda popote, na analia kila siku.

Mbuzi anaendeshwa na mdogo wangu.

Mdogo wangu ambaye hajanisemesha miezi tisa. Haya, nimeandika. Sasa nikapike.

Nimepika wali wa watu wawili tena. Tangu Mama afariki mkono haujataka kujifunza kipimo kipya.

Jumatano, 5 Machi

Mbuzi kaletwa jana jioni. Nilikuwa msalani—bahati yangu! Nilipotoka nikakuta pikipiki imeegemea ukuta na mdogo wangu keshafika kona, kofia ngumu bado kichwani, anatembea kama mtu anayekimbizwa na mvua.

Juu ya tangi, tepu. "Masaa 13. Cheni imelegea." Basi. Hata salamu ya maandishi hakuna.

Hii tepu ni mambo ya marehemu Baba. Kwake fundi hakuanza kazi bila kubandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya tangi. Mwenye chombo anaandika linalomsumbua. Fundi anaandika chini yake kilichobaki: Bado breki. Bado pluga. Kila kitu kikiisha, ndipo tepu inabanduliwa. Tangi safi maana yake kazi imekwisha, mtu aende salama. Kichwa kinavuja, alikuwa akisema, tepu haivuji. Mimi na mdogo wangu tulijua kuandika "bado" kabla hatujajua kuandika majina yetu.

Kazi ya jana usiku kwa Mbuzi. Oili ya injini nimeimwaga, nyeusi kama masizi, na ni masaa kumi na matatu tu! Ndivyo walivyo hawa wa vumbi. Hawahesabiwi kwa kilomita, wanahesabiwa kwa saa, kama mgonjwa wa dripu. Cheni nimekaza. Spoku nimezigonga moja moja kwa bisibisi nikasikiliza mlio. Tano zimelegea. Ea klina yake, kichujio cha hewa, ni sponji. Unaitoa, unaiosha, unaianika, na ikikauka unaipaka oili yake maalumu mpaka inanata kama asali, maana ile oili ndiyo inayokamata vumbi. Ukiifunga kavu ni kuchota maji kwa tenga. Vumbi lote linapita, linaenda kusaga injini.

Ya Bibi Harusi ni ya karatasi. Hiyo ukiipaka oili umeiua. Kinyume kabisa! Nimeandika kwenye ripoti.

Asubuhi kaja kumchukua. Nilikuwa nimejiandalia "umeamkaje" ya kawaida, isiyo na makali. Nikaitoa. Kaitikia kwa kichwa, ndani ya kofia. Kapiga kiki, kaondoka.

Nikabaki nimeshika tepu iliyobanduliwa. Nikaitupa.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi Harusi tangu jana. Amefikisha kilomita elfu ishirini, lazima valvu zipimwe. Bolti thelathini na moja za plastiki kabla hujaona hata kivuli cha injini! Kisha tangi. Kisha boksi la ea klina. Kisha radieta inasogezwa. Kisha unakaa chini unajiuliza kwa nini hukusomea ualimu.

Refu kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasimulia jinsi mkewe anavyokoroma. Eti jirani alikuja kuuliza kama wamenunua jenereta. Nimecheka mpaka nikadondosha spana ndani ya fremu, ikachukua nusu saa kuitoa. Refu akasema huyu Bibi ni mwanamke wa mjini: umtembelee mara moja kwa mwaka, lakini uje na siku nzima na vitu mkononi. Kweli. Ukishammaliza hataki kitu. Cheni oili, tairi upepo, basi. Oili ya injini mpaka kilomita elfu kumi zipite!

Nikamwambia ukweli wa mambo: ile taa ya dashibodi ya kukumbusha matengenezo sina kompyuta ya kuizima. Hiyo ni mpaka wakala wa mjini.

Jumla ya kazi: masaa kumi na moja kwa siku mbili. Refu alipoondoka nilisikia masikio yanalia. Kumbe ni kimya tu.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ni ndefu. Nimefua. Nimefagia. Nimepanga spana kwa ukubwa, kisha kwa umri. Saa nane mchana bado!

Vikombe viwili kwenye sinia. Kimoja changu, kimoja kilikuwa cha Mama. Cha mdogo wangu, kile cha bati chenye alama ya jino—alikiuma akiwa na miaka minne, hakutaka kunyang'anywa—kiko juu ya kabati. Nimekishusha, nimekifuta vumbi, nimekirudisha.

Niandike basi, hakuna anayesoma. Siku ya msiba wa Mama alifika tumeshazika. Alikuwa na tope mpaka magotini. Uwanja umejaa watu, na mimi nimechoka, nina hasira ya kutafuta pa kuitua. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Hata wageni wamefika kabla yake." Akasimama pale. Watu wakatazama chini. Akasema siku nitakayomaliza kuhesabu nani alifika saa ngapi, nimwite.

Siku ya tatu zahanati ya juu walileta habari kwamba mto ulikuwa umejaa, simu hazishiki, na alivuka kwa miguu akimsukuma Mbuzi maji kifuani. Nilisikia. Nilielewa. Nikanyamaza. Siku moja, mbili, wiki, na sasa miezi tisa. Baba alikuwa akisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Alikuwa anasema juu ya gasketi.

Jumanne, 11 Machi

Mbuzi tena. "Masaa 11. Hawaki vizuri akipata moto."

Valvu. Moja imebana. Nimerekebisha. Kwake ni kazi ya saa moja na nusu, injini iko wazi kama kiganja, unatoa kiti, unatoa tangi, umefika. Huyu hana siri. Lakini ona sasa: oili tena, sponji tena, spoku tena, cheni tena. Grisi kwenye beringi za nyuma. Breki za nyuma zimekwisha nusu. Na pistoni yake ikifika masaa mia inabadilishwa, hata kama hailalamiki!

Nikiwa mkweli jibu nimeshalipata. Bibi Harusi anataka kingi kwa mkupuo, kisha anakuacha upumue. Mbuzi anataka kidogo kila mara, wala hana msamaha. Umsahau siku tatu, umempoteza.

Jirani fundi cherehani kapita kuazima mkasi wa bati. Kaniangalia, kauangalia uwanja, kacheka. "Shoga, mbona siku za Mbuzi unafagia mpaka nje ya geti? Unaposwa?"

Nikamjibu vumbi ni adui wa injini. Akasema sawa, na wanja machoni nao ni kwa ajili ya injini?

Alipoondoka nikakaa chini. Ni kweli. Siku za Mbuzi naamka mapema. Naweka maji ya chai kwenye chupa, vikombe viwili, halafu nakirudisha kimoja. Ananiletea pikipiki, haniletei neno, na mimi naridhika! Jana nimejikuta nawaza: cheni ilegee tu. Fundi anayeomba cheni ilegee! Aibu gani hii.

Alhamisi, 13 Machi

Mratibu kapita. Suruali ya kijivu leo, amejifunza. Kauliza mambo yanakwendaje. Nikasema bado napima.

Kisha kasema, kwa wema kabisa: akibaki Bibi Harusi, watanunua wengine wawili, na madereva wote watahamia huko. Matengenezo yatakwenda kwa wakala mjini kwa sababu ya ile kompyuta. Milimani watatafuta njia nyingine, labda walinzi wa zahanati washushe sampuli kwa miguu mpaka barabarani.

"Kwa hiyo hutasumbuka tena, Fundi," kasema.

Hutasumbuka!

Nikamsindikiza mpaka getini nikitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Nimerudi nimefungua ripoti. Nikitazama hesabu vizuri kuna upenyo. Tukihesabu mara ngapi, Mbuzi kaja mara mbili, Bibi Harusi mara moja. Tukihesabu masaa ya fundi, Bibi Harusi kala kumi na moja, Mbuzi hajafika sita. Nikiandika hiyo ya masaa na kunyamaza kuhusu nyingine, Mbuzi anabaki. Si uongo. Ni ukweli uliovuliwa kiatu kimoja.

Mbuzi akiondoka hakuna tena sababu ya mdogo wangu kupita geti hili. Ndilo jambo lenyewe. Sina ndugu mwingine. Nimeliandika nimelitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Leo hakuna pikipiki. Hakuna mtu. Nimezungumza na kompresa. Imejibu inavyojibu siku zote.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike polepole.

Mbuzi kaletwa saa tisa mchana. Nilikuwa sokoni, jirani ndiye aliyemfungulia mdogo wangu geti. Eti kakaa kidogo, kaangalia karakana, kaangalia stuli ya Baba, kaondoka. Kesho alfajiri anapanda mlimani, siku tatu, zahanati zote, atarudi Alhamisi.

Nikasoma tepu. "Masaa 12. Breki ya nyuma inalia." Na chini, kwa herufi ndogo, zimebanana kama zinaona haya:

"Dada, Alhamisi nikirudi nitakunywa chai."

Dada! Miezi tisa. Nimesoma mara ngapi sijui. Nimeenda nje, nimerudi, bado imeandikwa hivyo hivyo. Nikacheka peke yangu. Kisha nikalia, nikajipaka grisi machoni, nikalia kwa sababu ya grisi.

Nikafanya kazi kama kijana wa miaka ishirini. Breki pedi mpya. Oili. Cheni. Spoku zote, hata zilizokuwa nzima. Sponji nimeiosha nikaianika kwenye kamba kati ya soksi zangu. Nikaandika langu chini ya lake kwa desturi, nikaingia ndani kupika.

Nilipotoka kufunga mlango nikaiona tena ile tepu. Nikafikiria kesho: itabanduliwa, itafinyangwa, itatupwa kama zote. Au upepo wa mlimani utaibeba. Sikuweza. Nimeibandua mimi mwenyewe, taratibu, isipasuke. Nimeibandika hapa, kwenye ukurasa huu. Mkono wa kushoto. Nitakuwa nayo.

Alhamisi ni kesho kutwa ya kesho. Nimeshusha kikombe chenye jino.

Jumanne, 18 Machi

Kaja saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshaamka, nimetoa sponji kwenye kamba, kavu kabisa, nimeifunga mahali pake. Nikatazama tangi: safi. Nikamsogezea pikipiki.

Kavua kofia! Kidogo tu, kukaza mkanda. Ana mvi juu ya sikio. Mdogo wangu ana mvi, na hakuna aliyeniambia.

"Alhamisi," kasema.

"Alhamisi," nikasema.

Maneno mawili. Nimeimba siku nzima, jirani kafunga dirisha.

Jumatano, 19 Machi

Ee Mungu wangu.

Saa tisa mchana nimekaa kuandika ripoti. Nikataka tarehe ya breki, nikafungua daftari hili ukurasa wa Jumatatu. Ile tepu. Nikaisoma tena kwa raha yangu, mstari wake, kisha jicho likashuka. Chini yake mwandiko wangu mwenyewe, mkubwa, hauhitaji miwani:

"BADO: oili ya ea klina."

Sikupaka. Sponji ilikuwa mbichi Jumatatu, nikaandika nisisahau. Kisha nikaibandua tepu kwa sababu ya neno moja zuri, na "bado" ikaondoka nayo. Asubuhi tangi safi. Na mimi nimelelewa na tangi safi! Sikuuliza. Nimemfungia sponji kavu.

Nimekimbilia rafu. Chupa ya oili ya sponji ni mpya, ya zamani iliisha tarehe kumi na moja. Muhuri wa kifuniko haujakatwa. Nimeishika nikasimama.

Yuko huko siku ya pili. Kiangazi, vumbi la kufika kifundoni. Kila anapoongeza mwendo injini inakula mchanga. Valvu zitabana, ringi zitakwisha, hatawaka tena. Na yeye yuko peke yake kwenye njia ambayo mbuzi wa kweli wanafikiri mara mbili.

Nimepiga simu mara ishirini na sita. Hapatikani. Kuanzia machimbo ya kokoto kwenda juu hakuna mtandao, najua, napiga tu. Jirani kaja kaniona, hakutania. Kaniwekea maji, kakaa nami. Akasema labda itafika. Injini ngumu hizo. Nikamwambia hizi si ngumu, hizi ni nyepesi, ndiyo maana zinapanda, na ndiyo maana haziwezi kusubiri. Akasema basi tusubiri sisi.

Miezi tisa nilikuwa nataka kumrudisha kwenye karakana. Sasa nimemtuma mlimani na chombo kinachokufa.

Alhamisi, 20 Machi—asubuhi

Nilimwambia Refu tangu jana jioni, kila kitu. Hakunilaumu. Kasema saa mbili atanipitia na Bibi Harusi, tupande mpaka machimbo. Njia ya malori, Bibi anaiweza. Zaidi ya hapo hawezi, mzito mno, akiangukia bondeni tutaita ukoo mzima kumtoa.

Nimefunga chai kwenye chupa. Kikombe cha bati. Ile chupa ya oili, kana kwamba itasaidia kitu sasa. Daftari hili pia, kwa sababu tepu nikiibandua itachanika, na nataka aione ilivyo.

Ripoti iko mezani. Kesho ni siku yake. Mstari wa mwisho sijaandika.

Refu anapiga honi.

Alhamisi, 20 Machi—machimbo ya kokoto, saa nane

Tumempata.

Yuko hai, mzima, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Alikuwa anamsukuma Mbuzi kuja chini, boksi la sampuli mgongoni. Mbuzi alimzimikia jana saa kumi juu ya zahanati ya pili. Kalala kwa mhudumu, alfajiri kaanza kusukuma. Kilomita kumi na nne. Viganja vimetoka malengelenge.

Sampuli lazima zifike leo la sivyo zitaharibika. Bibi Harusi ana nafasi ya boksi na dereva, au mtu na dereva. Refu kaniangalia. Nikasema beba boksi. Kaenda. Kabla ya kwenda kaninong'oneza: mwambie kabla hajajua mwenyewe.

Sasa tuko wawili. Tumekaa kwenye mawe, kivuli cha mashine ya kusagia kokoto. Lori moja litashuka saa kumi, dereva kakubali kumbeba Mbuzi na sisi juu ya mzigo.

Nimemmiminia chai. Kakitazama kikombe, kaweka kidole kwenye alama ya jino. Kanywa. Ya pili kanywa polepole.

"Imebidi uje na chai huku huku," kasema.

"Ulisema Alhamisi."

Kacheka kidogo. Kisha akaanza kuongea, akimtazama Mbuzi, si mimi. Kasema ni yeye aliyemuua. Alitoka zahanati ya kwanza mbio, akapita nyuma ya malori kwenye vumbi bila kusubiri litue, hakumpumzisha, alitaka awahi zahanati zote ili leo afike kabla ya saa kumi. Kasema niandike hivyo kwa Mratibu, asilaumiwe Mbuzi. Dereva ndiye mbaya. Labda wampe mtu mwingine.

Nikamuuliza kwa nini alikimbia hivyo. Siku tatu zinatosha.

Akazungusha kikombe.

"Sikutaka kuchelewa tena," kasema.

Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga njia nzima nyuma ya Refu. Mtu anajilaumu kwa kosa langu, na jana mchana mimi nilikuwa bado napima ripoti niandikeje ili Mbuzi abaki!

Kasimama, kachukua dumu, kaenda kuomba maji kwa mlinzi wa machimbo. Anataka kumwosha Mbuzi uso, kasema, asirudi nyumbani hivyo. Akishamwosha atafungua pembeni aangalie ea klina. Ni pini moja tu. Sekunde tano ataona.

Mfuko wa ovaroli. Tepu ya karatasi ipo, ipo siku zote. Nimefuta vumbi kwenye tangi kwa kiganja, nimebandika kipande kirefu. Nimeandika, nanakili hapa nisije nikajidanganya baadaye:

"Ea klina haikupakwa oili. Kosa la dada. Si la dereva, si la Mbuzi. Na siku ya Mama hukuchelewa, nilijua siku ya tatu. Bado:"

Baada ya hapo nimeshindwa. Bado nini? Pistoni, ringi, valvu, hayo nayajua. Ripoti nitaandika yote, mara ngapi na masaa mangapi, na hili la sponji, wachague wanavyoona. Lakini hiyo si ya kuandika kwenye tangi. Nimeacha wazi. Nafasi imebaki ya kidole kimoja na nusu.

Nimerudi kwenye jiwe langu. Nilitaka nimwekee daftari wazi kwenye ukurasa wa Jumatatu, hapana, siwezi, naandika kwenye huu. Naandika nisipate kumtazama.

Anarudi. Dumu limejaa, linamwagikia viatu.

Ameweka chini. Ameona tepu.

Anasoma. Anasoma taratibu mno, midomo inatembea, kama alipokuwa mdogo na Baba amesimama nyuma yake. Amefika mwisho. Amerudi mwanzo.

Hajagusa ile pini.

Ameipapasa tepu kwa dole gumba, kwenye pembe iliyoinuka, akaibana ishike vizuri. Hakuibandua.

Anakuja huku. Uso siujui, una vumbi. Amesimama mbele yangu na ananyoosha mkono, na si daftari anataka—

anataka kalamu